Kumi na Sita Imetoka Wapi?

Kokushubila aliandika mlingano wa mwisho, akaupigia mstari chini, akageuka kuwatazama wenzake. Ubaoni alikuwa amechora kamba ndefu inayovuka korongo, na chini ya kamba kibanda cha abiria kilichopigwa na upepo hadi kikabetuka nyuzi sitini kutoka wima. Akaeleza kwa sauti yake tulivu kwamba muda wa bembea moja haubadiliki, kibanda kibembee kidogo au kibembee sana. Kwa hiyo breki za upepo zipangwe kuvuta kila baada ya muda huo, na kibanda kitatulia chenyewe. Darasa zima la mwaka wa nne likaitikia kwa vichwa, kama kuku wanaodonoa mtama.

Dkt. Tusekile Mwakabungu alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa, na damu ilikuwa inamchemka.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya ubao. Mila hiyo ya Idara ya Fizikia ilikuwa kongwe kuliko jengo lenyewe. Mwanafunzi mmoja anasimama na hoja yake, na wengine wote kazi yao ni moja tu, kumwangusha, na silaha waliyopewa ni "kwa nini". Kwa nini umegawanya hapo? Kwa nini hiyo ni hasi? Tusekile enzi zake aliwahi kusimama pale tangu baada ya chakula cha mchana hadi taa zikawashwa, akaangushwa, akaenda kulia chooni, na Ijumaa iliyofuata akarudi na hoja nyingine. Aliyesimama asianguke alinunuliwa mahindi ya kuchoma na darasa. Siku hizi mahindi yaliliwa kila Ijumaa, maana hakuna aliyeanguka tena, na watu walikuwa wanakaribia kuyachoka.

Akainuka, akashuka ngazi za ukumbi taratibu.

"Kokushubila, hapo juu umeandika kwamba saini ya pembe, yaani sine yake, ni sawa na pembe yenyewe. Kwa nini?"

"Ndivyo inavyokuwa kwa pembe ndogo, Mwalimu."

"Nyuzi sitini ni ndogo?"

Msichana akatazama mchoro wake. Tusekile alimwona, na angeapa kwamba aliliona, lile kunjo dogo kati ya nyusi, mwanzo wa mtu kujishuku. Alikuwa akilisubiri kunjo hilo tangu muhula uanze. Basi darini, ndani ya visahani vyeupe vilivyopangwa safu kwa safu, kitu kikamsikia Kokushubila kabla hajajisikia mwenyewe, na lile kunjo likafutika. Msichana akatabasamu, akasema anaona iko sawa kabisa.

Tusekile akawaambia wote watoe vikokotozi. Wakatafuta. Pembe yenyewe, kwa radiani, moja nukta sifuri tano. Saini yake, sifuri nukta nane saba. Namba mbili zikakaa ubaoni ubavu kwa ubavu, kila mwenye macho akiziona. Akawauliza kama ni namba moja. Kijana mmoja aitwaye Lutengano, mrefu, mpole, mtoto wa Tukuyu, akasema zinakaribiana.

"Wewe Lutengano, unavaa kiatu namba ngapi?"

"Arobaini na mbili, Mwalimu."

"Nikikupa thelathini na tano utavaa? Maana zinakaribiana hivyohivyo."

Wakacheka, kicheko kizuri, cha watoto wanaompenda mwalimu wao. Hakuna aliyeona aibu wala aliyeshtuka, na mwisho wa kipindi wakaenda kula mahindi.

*

Chombo chenyewe kiliitwa Tulizo. Waliokileta walikipa jina refu la kiofisi, lakini jina refu halikudumu hata wiki. Kazi yake ilielezeka kwa maneno machache. Mtu anapokwama katika hesabu, kuna mtetemo fulani unaotokea kichwani mwake, na kuna mtetemo mwingine unaotokea anapong'amua. Kila mwanafunzi anaujua huo wa pili hata kama hajui jina lake. Ni ile raha ya ghafla, ile ahaa, kifundo kinapofunguka. Visahani vya Tulizo vilisikiliza mtetemo wa kwanza, na ukidumu kupita kiasi, vikapuliza wa pili. Kifundo kilibaki pale pale, kimefungwa vilevile. Ila raha ya kukifungua uliipata bure.

Na bure ni ghali, hilo hata wauza nyanya wa Uyole wanalijua. Lakini nenda ukamwambie Mkuu wa Idara.

Tusekile alikwenda kumwambia, jioni ileile, bila kupiga hodi vizuri. Profesa Luvanda alikuwa akimwagilia maua yake dirishani. Ndiye aliyemfundisha Tusekile mekanika, ndiye aliyempa kazi, na ndiye aliyesimama mbele ya Baraza la Chuo miaka mitano iliyopita kuomba Tulizo liwekwe ukumbini, maktabani, ofisini na mabwenini. Sokoni halikuwekwa, lakini sokoni hakuna anayekuuliza saini ya pembe.

Alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamkumbusha mambo ambayo Tusekile aliyajua. Barabara ya bondeni iliporomoka kwa mvua mara nyingi hadi serikali ikaacha kuijenga, na sasa vijiji vya juu vinategemea Kamba, ile inayobeba vibanda vya abiria angani, kwa kila kitu, kuanzia chumvi hadi mkunga. Kipande kipya juu ya Korongo la Ilumba kimekamilika. Kinachosubiriwa ni walinzi wa bembea, watu wa kukaa vituoni kupanga breki upepo ukivuma, na sheria inataka wawe na idhini ya idara. Basi la Kamba litakuja kuwachukua Jumatatu. Kokushubila ndiye atakayekuwa mlinzi mkuu, na bila mlinzi mkuu kipande hakifunguliwi.

"Hawajui kitu, Profesa. Wanaona raha tu. Tunawapa mikono ya breki watu ambao hawawezi kujishuku. Kina mama watapanda mle na vifaranga vyao na watoto mgongoni."

"Darasa lako limefaulu mtihani."

"Mtihani umefanyiwa chini ya visahani. Umesahihishwa chini ya visahani. Hata wewe hapo ulipo umekaa chini ya kimoja."

Profesa akaweka chini kopo la maji. Akauliza, polepole, kama amemsahau Ambokile.

Hakuna mtu wa idara ile aliyemsahau. Ambokile alikuwa mtoto wa dada yake Profesa, kijana mwenye akili kali, aliyekwama swali la pili la mtihani wa mwaka wa tatu, akakwama, akakwama, akainuka akatoka bila kuchukua koti lake. Alikwenda nyumbani kwa mama yake huko Rungwe, akakaa kwenye kigoda jikoni, na hajasema na mtu hadi leo. Hali chakula asipolishwa. Profesa humtembelea kila likizo, humnyoa ndevu.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," Tusekile alisema, na maneno yalipomtoka alijua ameyatupa pabaya.

"Mimi nimekwisha kulia," Profesa alisema.

Kisha akamwambia yaliyobaki kwa sauti ya kazi. Tusekile asiposaini idhini, atasaini yeye Profesa mwenyewe. Na asithubutu kuwatoa wanafunzi nje ya Tulizo akawapa hesabu ngumu. Wa mwaka wa kwanza wangevumilia. Hawa wa mwaka wa nne, ambao hawajakwama hata mara moja tangu waingie chuoni, mkwamo wa kwanza utawashukia pamoja na ile yote ya nyuma. Akamtazama machoni. Akasema, nisingependa kumnyoa ndevu kijana mwingine.

Tusekile akatoka akiwa amekunja ngumi ndani ya mifuko ya sweta. Alimchukia kwa sababu alikuwa na haki ya kusema vile. Angekuwa mtu mbaya tu, mla rushwa, mvivu, kazi ingekuwa rahisi.

*

Jumamosi na Jumapili alizunguka nyumbani kwake akigongana na viti. Alipika, akaunguza. Alijaribu kuwafikiria abiria wa Kamba, akamwona Ambokile kwenye kigoda. Alijaribu kumfikiria Ambokile, akasikia kamba inakatika juu ya Ilumba. Kila alikogeukia kulikuwa na mtu wa kuumia, na yeye ndiye aliyekuwa na kisu.

Kulikuwa na njia ya tatu, nayo ni kuwauliza wenyewe. Kuwaita, kuwaambia, wanangu, hiki mnachokisikia si kujua, je, mnataka nikiondoe? Aliifikiria njia hii kwa muda mrefu kuliko zote. Lakini angewaulizia wapi? Bwenini, chini ya visahani? Wangetafakari kidogo, wangekwama kidogo, na Tulizo lingewapulizia, nao wangetabasamu na kusema chochote. Jibu lisingekuwa lao. Ndivyo alivyojiambia, akaona ni hoja isiyopenyeka, akaacha kuigusa.

Jambo moja hakujiuliza kabisa. Yeye naye alifundisha ukumbini mle kwa miaka mitano. Aliamini hasira yake ndiyo kinga yake; kwamba mtu anayechemka hivi hawezi kuwa ametulizwa. Nyani haoni kundule, na daktari wa fizikia naye ni hivyohivyo.

*

Chini ya kilima cha chuo kulikuwa na ghala la pareto la zamani, tangu siku ambazo wakulima wa Uporoto walikuwa bado wanalima pareto. Paa lake lilikuwa juu sana na maboriti yake mazito, na hapakuwa na kisahani hata kimoja. Jumatatu asubuhi, ukungu ukiwa bado haujainuka, Tusekile aliwaambia wanafunzi kwamba basi la Kamba litawachukulia hapo ghalani, na kwamba amewaandalia viazi vya kuchemsha na chai ya kuagana. Huo ulikuwa uongo, ila viazi vilikuwa vya kweli. Wakaja na mabegi yao, wakaimba njiani.

Ndani walikuta ubao umeegemezwa ukutani, na kutoka boriti la kati linaning'inia gunia la viazi kwenye kamba ndefu. Gunia lilikuwa na kamba ya pili, nyembamba, ya kulivuta.

"Kabla hatujala," Tusekile alisema, "mlinzi mkuu atatuonyesha kazi yake. Gunia hili ndilo kibanda chako, Kokushubila. Hiyo nyembamba ndiyo breki. Kokotoa muda wako wa bembea, halafu vuta kwa muda huo. Litulize."

Kokushubila akapima urefu wa kamba, akapata jibu lake kwa mistari miwili. Lutengano akalisukuma gunia kidogo tu. Msichana akahesabu kwa midomo, akavuta gunia likiwa linakwenda, akaachia, akahesabu, akavuta. Baada ya mivuto michache gunia lilikuwa limesimama. Darasa likapiga makofi, na Tusekile akaona jinsi alivyokuwa fundi, mkono wake ulivyokuwa mwepesi na saa yake ya kichwani ilivyokuwa sahihi. Ikamuuma zaidi.

"Sasa upepo wa Ilumba," alisema.

Akamwambia Lutengano apande ngazi na gunia hadi kamba ilale nyuzi sitini, kama pale ubaoni Ijumaa. Lutengano akaliachia. Gunia likashuka likivuma. Kokushubila akahesabu, akavuta, barabara. Akahesabu tena, akavuta. Ila gunia linalobembea kwa upana huo huchelewa kurudi, kidogo tu, na kuchelewa huko hujumlika, bembea juu ya bembea. Mkono wake ulibaki mwaminifu kwa hesabu yake. Taratibu mvuto ukaanza kutangulia, kisha ukatangulia zaidi, hadi akawa analivuta gunia likiwa bado linakuja upande wake, na breki ikageuka kuwa kichocheo. Likapanda juu kuliko mwanzo. Lutengano, aliyekuwa anashuka ngazini, likampata begani likamtupa chini, likapiga nguzo, likapasuka. Viazi vikatapakaa ghala zima.

Lutengano akajiinua, akajipapasa. Hakuvunjika kitu. Kwa kawaida hapo wangecheka.

Kokushubila alibaki ameshika kamba tupu. Akatazama karatasi yake, akatazama gunia. Lile kunjo likaja kati ya nyusi zake, likakaa. Tusekile aligundua kwamba msichana alikuwa anasubiri. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, ametulia kama mtu anayesubiri chafya, anasubiri ile raha ije kama ilivyokuja siku zote. Haikuja. Akasubiri tena.

"Nilihesabu sawa," alisema. "Mwalimu, nilihesabu sawa."

"Ulihesabu sawa jambo lisilo kweli. Fikiri."

Hapo ndipo lile jambo aliloonya Profesa lilipowashukia. Lilianza kwa wale waliofanya hesabu pamoja naye, likaenea hadi waliokuwa mlangoni. Mmoja akatoka nje akatapika. Msichana mwingine alikaa kwenye begi lake akawa anarudia saini, saini, saini, kama amesahau ni neno la kitu gani. Lutengano alijikunyata penye kona, magoti kifuani, akalia kwa sauti ya mtoto mdogo, na halikuwa bega lililomliza. Tusekile alikuwa ameandaa maji na mablanketi, akapita akiwafunika, na kila aliyemfunika alimuuma rohoni na kumzidishia hasira. Hivi ndivyo mlivyofanywa, alikuwa akisema moyoni. Watu wazima mmelelewa kama vichanga, hata kukwama mara moja hamjafunzwa.

Akaenda ubaoni kuwapa cha kushika. Akawaambia wasiogope, jambo hili lina dawa, na dawa yenyewe ni fupi. Muda halisi wa bembea ni ule muda wa zamani pamoja na nyongeza: chukua pembe kwa radiani, izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa kumi na sita, kisha zidisha kwa muda wa zamani. Nyongeza hiyo ndiyo kuchelewa kwa gunia. Aliandika kwa haraka, kama alivyoandika kila mwaka.

Kokushubila alikuwa amekaa sakafuni katikati ya viazi. Macho yake yalikuwa mekundu. Alifuata mstari wa ubaoni neno kwa neno hadi mwisho.

"Mwalimu. Hiyo kumi na sita imetoka wapi?"

Moyo wa Tusekile uliruka kwa furaha. Miaka mitano alikuwa na kiu ya kusikia swali moja, na hili lilikuwa swali zuri, swali la Ubao wa Ijumaa hasa. Akageuka na chaki mkononi kulijibu.

Hakuwa na kitu.

Aliitazama kumi na sita, nayo ikamtazama. Aliijua. Alikuwa ameifundisha. Kuna mfululizo fulani unaoanza na moja, na baada yake... Akaandika nusu ya mstari, akafuta. Mwaka wa kwanza wa kufundisha aliitoa mwanzo hadi mwisho, alikumbuka kwamba aliitoa, alikumbuka hata gauni alilovaa. Mwaka uliofuata aliruka hatua moja kwa kuwa ilikuwa wazi. Kisha akaruka nyingine. Kila aliporuka palikuwa wazi, palikuwa na ile raha, na hakuna aliyeuliza. Sasa alisimama mbele ya ubao na kumbe naye alikuwa ameinamisha kichwa, anasubiri.

Kikulacho ki nguoni mwako. Hofu ilimpanda, na nyuma yake ikaja hasira ambayo hakuwahi kuijua, kwa kuwa safari hii haikuwa na Profesa wa kuibeba. Angeweza kuwadanganya. Angeweza kusema ni hesabu ndefu, mtaikuta vitabuni, na wangeamini, kwa sababu walitaka sana kuamini kitu.

"Sijui," alisema.

Lutengano aliinua kichwa kutoka kwenye kona. Akauliza, kwa sauti iliyokwaruza, hajui vipi, yeye si ndiye anayewafundisha. Tusekile akasema ndiyo, ndiye yeye, na hajui, aliwahi kujua.

*

Basi liliwapata kabla ukungu haujaisha. Dereva alikuwa amezunguka chuo kizima akiwatafuta, na Profesa Luvanda alikuwa amepanda naye. Lilisimama mbele ya mlango wa ghala, likafungua milango yake, na ndani, darini, Tusekile aliona safu ya visahani vyeupe. Kampuni ya Kamba haikuwa na mchezo, ilitaka walinzi wake wafike wametulia.

Profesa alisimama kwenye ngazi ya basi, akaona waliolala chini ya mablanketi, akaona viazi, akaona ubao. Uso wake ulikunjamana kisha ukanyooka. Hakushuka. Tusekile alilitambua hilo, kwamba mguu mmoja haukutoka ndani ya basi hata mara moja, na alimtukana kimoyomoyo tusi la Kinyakyusa ambalo mama yake angemchapa kwa ajili yake.

"Umefanya nini, Tusekile?"

Lutengano alikuwa amekwisha inuka, akivuta begi lake kwa mkono mzima, anakwenda basini. Tusekile akamzuia mlangoni, akamshika koti. Akamwambia avumilie kidogo, siku chache tu, haya hupita. Kijana akamtazama akitetemeka, akasema hawezi, Mwalimu, naomba, siwezi. Naye akamwachia. Lutengano alipanda ngazi, akapita chini ya kisahani cha kwanza, na mabega yake yakashuka. Alipokaa dirishani alikuwa amekwisha kauka machozi, akawapungia mkono kwa upole kama mtu anayekwenda likizo. Wengine wachache wakamfuata.

Profesa akamwita Kokushubila. Akamwita mwanangu. Akamwambia aje tu, apumzike, mambo yote yatazungumzwa baadaye.

Msichana alisimama. Akaegemea ile nguzo iliyopigwa na gunia. Kwanza alimgeukia Tusekile, na Tusekile aliyekuwa amejiandaa kwa machozi hakuwa amejiandaa kwa macho yale.

"Ulijua itakuwa hivi."

"Nilijua."

"Ukatuambia tunakuja kunywa chai." Akaonyesha basi kwa kidevu. "Hawa walinipa kitu bila kuniuliza. Wewe umeninyang'anya bila kuniuliza. Niambie tofauti yenu, Mwalimu."

Tusekile alikuwa nayo ile hoja isiyopenyeka. Akaitoa. Akasema kwamba angewauliza ndani ya Tulizo, na ndani ya Tulizo jibu lisingekuwa lao.

"Lingekuwa langu," Kokushubila alisema. "La kijinga, lakini langu. Miaka minne nilikuwa na furaha. Nilikuwa nalala usingizi. Nilidhani mimi ni hodari. Na ungeweza kutuleta huku nje kwanza, bila hesabu, tukakaa, ukatuuliza hapa. Hilo hukulifikiria?"

Hakulifikiria. Siku mbili za kugongana na viti, na hakulifikiria. Lilikuwa jambo jepesi kiasi hicho.

Kokushubila akamgeukia Profesa. Akamwambia, kwa adabu yote, kwamba yeye hapandi.

Profesa akamwambia idhini yake imekwisha sainiwa. Akamwambia vijiji vya Ilumba vinasubiri chumvi na dawa, na bila yeye kipande hakitafunguliwa, na wajawazito wataendelea kubebwa kwa machela kushuka korongo. Hayo yalikuwa kweli. Aliyasema bila kupaza sauti, na yalimwingia msichana mmoja mmoja.

"Basi wabebwe kwa machela," Kokushubila alisema, akilia waziwazi sasa. "Machela sikuihesabu mimi. Nikiijua hii bembea nitakuja mwenyewe, kwa miguu. Leo siijui. Nitamwua mtu, Shikamoo Profesa, na nitakuwa natabasamu."

Ile shikamoo ilitoka mahali pasipofaa, katikati ya sentensi, kama mtoto aliyefunzwa vizuri na kuchanganyikiwa. Hakuna aliyecheka. Profesa akaiitikia, marahaba, kwa kuwa midomo yake iliijua kazi hiyo, akakaa kiti cha mbele. Dereva akasubiri kidogo, akafunga milango. Basi likapinda kupanda kilima likiwa na viti vingi vitupu.

Tusekile akarudi ndani, akaokota chaki. Aliona la kufanya sasa ni kazi, wote pamoja, mwanzo hadi mwisho. Kokushubila akanyoosha mkono na kuichukua ile chaki kutoka kwenye vidole vyake.

"Toka nje, Mwalimu."

"Kokushubila, mtahitaji mtu wa..."

"Tumekosea mbele yako vya kutosha. Toka tukosee wenyewe."

Akatoka. Mlango wa bati ukafungwa nyuma yake, na akasikia komeo. Akasimama kwenye manyunyu, bila mwavuli, hasira yote imemjaa na hakuna wa kumpa. Alijua barua ya kufukuzwa itafika kabla ya jioni. Alijua pia kwamba Lutengano, siku hiyohiyo, ataonyeshwa chumba chake cha kulala huko kituoni, na atakipenda.

Akasikiliza ya ndani. Mtu alilia, mtu akaambiwa alie pembeni. Kisha chaki ikaanza kugonga ubao, ikasita, ikagonga. Sauti zikapanda, zikagombana, mtu akamwita mwenzake mjinga. Tusekile aliegemeza sikio kwenye bati baridi.

"Ni robo ya robo," sauti ya Kokushubila ilisema. "Tazameni. Kumi na sita ni robo ya robo."

Na msichana mwingine, yule aliyekuwa anarudia saini, saini, akamjibu kwa ukali:

"Haya. Hiyo robo ya kwanza umeitoa wapi?"